Bodi tano za dola nne: uchambuzi wa kisa cha kuagiza bodi za saketi Uganda

Usuli

Kikundi cha wapenda elektroniki wanne, katika mji mmoja wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, kilikuwa kinaunda vidhibiti vya joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Mashine zenyewe hutengenezwa na maseremala wa mjini: sanduku la mbao, balbu mbili au nne, feni ndogo, beseni la maji chini. Kidhibiti kinatakiwa kushika joto karibu na 37.5 °C kwa siku 21 za mayai ya kuku, na kumwonyesha mfugaji unyevu, ambao huwa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha hupandishwa hadi 65 au 70. Majina, mji na tarehe vimeondolewa. Bei zimeachwa kama zilivyolipwa, na dola moja imehesabiwa kwa shilingi 3,700, kiwango ambacho benki iliwakata.

Saketi haikuwa ngumu. Ubongo ni ATmega328P, sensa ya joto ni DS18B20 kwenye waya mrefu, sensa ya unyevu ni DHT22, kioo ni kile cha herufi 16 kwa mistari miwili. Balbu huwashwa na kuzimwa na relei ya volti 5, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, inayoendeshwa na transista moja ndogo, na dayodi ya 1N4007 imewekwa kinyume sambamba na koili ili kumeza msukumo wa umeme relei inapozimwa. Upande wa pili wa relei kuna umeme wa gridi wa volti 240. Kisa chote kinazunguka jambo hilo moja: volti 5 na volti 240 zikikaa kwenye ubao mmoja mdogo, ndani ya sanduku lenye unyevu wa makusudi.

Vidhibiti vitatu vya mwanzo vilijengwa kwenye Veroboard, ule ubao wenye mistari ya shaba iliyotobolewa. Vilifanya kazi mezani. Ndani ya mashine vilianza kusumbua: waya za kuunganishia zilichomoka, na kimoja kilizima kabisa baada ya tone la maji kutua kati ya mistari miwili. Pengo kati ya mistari ya Veroboard halifiki milimita moja. Hakuna namna ya kupitisha volti 240 hapo kwa amani, hata ukikwangua mistari miwili mitatu ya katikati. Maombi ya wafugaji yalikuwa yamefika kumi, na kikundi kikaamua kutafuta bodi halisi, yaani ubao wenye njia za shaba zilizochorwa kwa ajili ya saketi yao.

Njia zilizowekwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kuchonga bodi wenyewe kwa tindikali, na waliijaribu kikamilifu kabla ya kufikiria kuagiza. Walinunua vipande viwili vya ubao wa shaba wa upande mmoja, sentimita 20 kwa 15, kila kimoja shilingi 12,000. Kila kipande kilitoa bodi nne za milimita 95 kwa 70. Feri kloridi iligharimu 15,000, karatasi na uchapishaji 6,000. Vijiti vya keekee vya milimita 0.8 vilivunjika vitano, kila kimoja 3,000. Jumla 60,000 kwa bodi nane, ambazo tano tu zilifaa. Kwa hiyo bodi moja nzuri ilisimama kwa shilingi 12,000, bila kuhesabu kazi.

Mchoro ulichapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, kisha ukahamishiwa kwenye shaba kwa joto la pasi. Printa ya wino wa maji haifai hapa, kwa sababu kinachoganda kwenye shaba ni unga wa plastiki wa printa ya leza au wa mashine ya fotokopi. Bodi mbili ziliharibika kwa sababu pasi iliyotumika ilikuwa ya mkaa, ambayo haina joto la kulingana: katikati unga uliyeyuka na kutanuka, pembeni haukushika. Ya tatu iliharibika kwa kuchapwa kinyume. Mchoro wa shaba ya chini, ukiutoa kwenye programu jinsi unavyoonekana kutoka upande wa vifaa, huchapwa bila kugeuzwa, kwa sababu kuubandika kifudifudi kunaugeuza wenyewe. Ukiugeuza kwenye programu tena, IC yako, yaani chipu yenye miguu mingi, italazimika kukaa chali.

Hata zile tano nzuri zilikuwa na kasoro mbili ambazo ufundi usingeziondoa. Ubao wa bei hiyo ni wa karatasi na resini, ule wa kahawia, si wa nyuzi za kioo unaoitwa FR-4. Hunyonya unyevu, na duara la shaba hubanduka ukilehemu mara ya pili mahali palepale. Tena hakuna rangi ya kinga juu ya shaba. Baada ya majuma machache ndani ya mashine, njia za shaba zilianza kuota kijani.

Mabaki ya feri kloridi nayo ni mzigo. Yana shaba iliyoyeyuka na hayamwagwi kwenye sinki wala ardhini karibu na kisima. Kikundi kiliyatuliza kwa magadi ya kufulia, kidogo kidogo kwenye chombo cha plastiki kikubwa kwa sababu hutoa povu, kikaacha tope litulie, kikalihifadhi kwenye chupa. Vyombo vya alumini havifai hata kidogo. Feri kloridi huvila.

Njia ya pili ilikuwa karakana moja ya Kampala yenye mashine ya CNC, inayochonga shaba kwa ncha ya chuma badala ya tindikali. Bei haikuwa mbaya kwa bodi moja, lakini ilitozwa kwa muda wa mashine, kwa hiyo bodi ya kumi iligharimu sawa na ya kwanza. Matundu hayakuwa na utando wa shaba ndani, na rangi ya kinga haikuwepo. Waliiacha.

Ya tatu ilikuwa OSH Park ya Marekani, ambayo hutoza dola 5 kwa kila inchi ya mraba na kukupa nakala tatu. Bodi ya milimita 95 kwa 75 ni inchi za mraba 11, yaani dola 55 kwa bodi tatu. Kwa bodi ndogo kama kidole gumba hesabu hiyo inalipa. Kwa kidhibiti chenye viunganishi vya skrubu na relei hailipi.

Ya nne ni viwanda vya Shenzhen, China. JLCPCB na PCBWay vimekuwa vikitoa bei ya kuvutia wateja, dola 2 hadi 5, kwa bodi tano za matabaka mawili zisizozidi milimita 100 kwa 100. Kwa bei hiyo unapata FR-4 ya milimita 1.6, shaba ya mikroni 35, rangi ya kinga ya kijani, maandishi meupe, na matundu yenye utando wa shaba. Walichagua njia hii, na sababu waliyoiandika kwenye daftari lao ilikuwa rangi ya kinga na FR-4, si bei. Hapo walikuwa sahihi.

Oda ya kwanza

Mchoro ulifanywa kwa KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi, ambayo ni bure. Mchoraji wa kikundi alipanua pengo kati ya upande wa volti 240 na upande wa volti 5 hadi zaidi ya milimita 6, na chini ya relei akaweka mwanya mrefu wa upana wa milimita 2 uliokatwa kabisa kwenye ubao, ili vumbi na unyevu visitengeneze daraja. Mwanya huo aliuchora kwenye tabaka la mpaka wa bodi, linaloitwa Edge.Cuts. Wengi huuchora kwenye tabaka la maandishi, na kiwanda huwachapia mstari mweupe mzuri bila kukata chochote.

Njia za mawimbi, zile za ishara za volti ndogo, alizipa upana wa milimita 0.25 ingawa kiwanda kilikubali hadi 0.127. Hakuna zawadi ya kutumia kipimo cha chini kabisa pale penye nafasi, na njia pana huweza kukwanguliwa na kuunganishwa upya kwa mkono pakiwa na kosa. Njia za balbu alizipa milimita 2.5. Balbu nne za wati 60 kwa volti 240 huvuta ampea moja tu, na kwa shaba ya mikroni 35 ampea moja hutosheka na takriban milimita 0.3, kwa hiyo hapo palikuwa na akiba kubwa.

Pamoja na hayo aliongeza jambo ambalo halikuwepo kwenye bodi za kuchonga. Badala ya chaja ya simu kutoa volti 5 kutoka nje, alihamishia moduli ya umeme kwenye bodi yenyewe, ile ndogo ya HLK-PM01 inayopokea volti 240 na kutoa 5. Mpangilio wa miguu yake aliuchukua kwenye maktaba ya programu. Moduli yenyewe hakuwa nayo mkononi.

Faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka inayosomwa na mashine za kiwanda, zilitolewa, pamoja na faili ya matundu, zikafungwa kwenye zip moja na kupakiwa. Malipo yalikwama kwanza: kadi ya Visa ya mwanachama mmoja ilikuwa imefungiwa malipo ya mtandaoni mpaka alipoomba benki iifungue. Bodi tano zilikuwa dola 4. Usafiri wa haraka wa ndege hadi Kampala ulikuwa dola 27. Palikuwepo usafiri wa posta wa bei ya chini, wa majuma kadhaa, lakini wafugaji walikuwa wanasubiri.

Mzigo ulipofika Entebbe ulikaa siku kadhaa bila mtu kupigiwa simu. Namba iliandikwa kuanzia na sifuri, bila +256, na anwani ilikuwa sanduku la posta tu. Makampuni ya usafiri wa haraka hayapeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Wanataka jina la barabara au jengo linalojulikana, na namba ya simu inayoshika. Ankara nayo ilisema "vifaa vya elektroniki" basi, na wakala wa forodha akataka maelezo. Tozo zote, yaani VAT ya 18% ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) pamoja na ada ya wakala ya kutoa mzigo, zilifika shilingi 42,000. Sehemu kubwa ilikuwa ada ya wakala. Kuutuma kwa basi kutoka Kampala kukaongeza 10,000.

Hesabu ikawa hivi: dola 31 ni shilingi 114,700, ongeza 42,000 na 10,000, jumla 166,700. Gawa kwa tano. Bodi moja tupu imefika kwa shilingi 33,340, karibu mara tatu ya ile ya kuchonga nyumbani.

Bodi zenyewe zilikuwa safi. Vifaa ndivyo vilivyokataa. Duka la Kampala halikuwa na HLK-PM01. Lilikuwa na moduli kubwa zaidi, ya wati 5, yenye kipimo cha milimita 38 kwa 23, wakati nafasi iliyochorwa ilikuwa ya 34 kwa 20. Miguu haikulingana hata mmoja. Viunganishi vya skrubu vilivyopatikana vilikuwa na miguu minene ya milimita 1.2, na matundu yalikuwa ya 1.0. Fundi mmoja alianza kuyapanua kwa keekee, akasimamishwa baada ya tundu la kwanza: ukipanua tundu lenye utando, unaung'oa utando unaounganisha shaba ya juu na ya chini, na kama njia ilikuwa ya juu tu, umeikata. Waliokoa bodi kwa kupunguza miguu kwa tupa na kulehemu upande ambao njia ilikuwepo.

Kosa la tatu lilikuwa la kuchekesha kidogo. Bodi ilichorwa kwa BC547, ambayo ukiitazama upande bapa, miguu yake kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Duka lilikuwa na PN2222A, ambayo ni emita, besi, kolekta. Ikiwekwa kama maandishi meupe yanavyoonyesha, hupitisha umeme kidogo tu, na relei hutetemeka au haishiki. Inaonekana kama programu iliyomo ndani ya ATmega328P ina kasoro, na walipoteza muda mwingi wakiisoma programu. Dawa ilikuwa kuigeuza transista nusu duara. Tahadhari: kuna P2N2222A pia, jina linalokaribiana kabisa, na miguu yake imepangwa kama ya BC547. Usiamini jina, pima kwa multimita.

Pale pa moduli waliachana na wazo la kuining'iniza kwa waya za volti 240. Walirudi kwenye chaja ya simu, wakaingiza volti 5 kupitia matundu ya pato la moduli isiyokuwepo. Bodi zote tano zilifanya kazi.

Oda ya pili

Hapa maamuzi yalibadilika kwa makusudi, na mengi yao hayakuhusu umeme bali vipimo na uzito.

Moduli iliondolewa moja kwa moja. Chaja ya simu inapatikana kila kona, ikifa mfugaji anaibadilisha mwenyewe, na volti 240 sasa inagusa bodi mahali pamoja tu, kwenye relei na kiunganishi chake. Koili ya relei huvuta takriban miliampea 70, mzigo mdogo kwa chaja yoyote. Bodi ikapungua kutoka milimita 95 kwa 75 hadi 70 kwa 50.

Vifaa vilinunuliwa kwanza, vyote, vya kutosha bodi zote, kutoka duka moja na kwa mkupuo mmoja ili visitofautiane. Kila mguu ulipimwa kwa kalipa na tundu likapewa nyongeza ya milimita 0.2 hadi 0.3. Kwa mguu wa mraba kinachopimwa ni mshazari: pini ya milimita 0.64 kila upande ina mshazari wa 0.9, kwa hiyo tundu lake ni 1.1.

Kisha mchoro ukachapwa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, ukabandikwa juu ya kadibodi ya boksi la viatu, na kila kifaa kikachomekwa. Kazi hii ilichukua jioni moja na iligharimu karatasi mbili. Kwanini mbili? Ya kwanza printa iliipunguza ili ienee kwenye ukurasa. Ndiyo maana huwekwa mstari wa milimita 50 pembeni mwa mchoro: upime kwa rula kabla ya kuamini kingine chochote. Kwenye karatasi ya pili waligundua kwamba kioo kingefunika skrubu moja ya kufungia bodi. Hilo lisingeonekana kwenye skrini.

Faili za Gerber zilifunguliwa upya katika programu tofauti na ile iliyozitengeneza, tabaka moja moja: shaba ya juu, shaba ya chini, kinga mbili, maandishi, mpaka, matundu. Kinachotafutwa hapa ni tabaka lililosahaulika, mpaka usiofunga, na matundu yaliyohama kwa sababu faili moja iko kwa inchi na nyingine kwa milimita.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya uzito. FR-4 ina takriban gramu 1.85 kwa sentimita moja ya ujazo. Bodi ya milimita 70 kwa 50 yenye unene wa 1.6 ina sentimita za ujazo 5.6, yaani gramu 10 na kitu, na shaba ikiongezwa inafika 12. Bodi 20 ni gramu 240. Usafiri wa haraka hutozwa kwa hatua za nusu kilo, na hatua ya kwanza ndiyo ghali kuliko zote. Maana yake ni kwamba bodi tano za oda ya kwanza, gramu 120 hivi, zililipiwa sawa na gramu 500. Kikundi kikatafuta wenzake wa Kampala wanaotengeneza taa za sola, waliokuwa wanahitaji bodi 20 za milimita 60 kwa 40, gramu 8 kila moja. Jumla ya gramu 400, na karatasi ya kufungia bado chini ya nusu kilo.

Mtu mmoja alipendekeza michoro miwili iwekwe kwenye faili moja ya milimita 100 kwa 100 ili ilipiwe kama bodi moja. Njia hii haifanyi kazi. Wakaguzi wa kiwanda huona michoro tofauti ndani ya mpaka mmoja na hutoza nyongeza kwa kila mchoro. Kilicho rahisi ni kuweka bodi mbili kama bidhaa mbili ndani ya oda moja: kila moja inapata bei yake ya chini, na usafiri unalipwa mara moja.

Oda ilitumwa mapema ili isikutane na Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, ambapo viwanda hufungwa na foleni hurefuka kabla na baada. Ankara safari hii ilitaja bodi za saketi tupu zisizo na vifaa, kundi la forodha 8534, kwa thamani ya kweli. Kuna viwanda vinavyokubali ukiomba viandike thamani ndogo. Kikundi kilikataa, na kilifanya vizuri: kodi inayookolewa kwenye mzigo mdogo kama huo ni kidogo, na mzigo ukishikiliwa gharama ya kuukomboa inapita thamani yake.

Matokeo

Bodi 20 za kikundi ziligharimu dola 9, nusu ya usafiri dola 13.5, jumla shilingi 83,250. Nusu ya tozo za 48,000 ni 24,000. Basi 10,000. Jumla 117,250, au shilingi 5,860 kwa bodi.

Bodi 18 ziliunganishwa vifaa, mbili zimebaki akiba. Hakuna iliyokataa kwa kosa la mchoro. Muda wa kuunganisha bodi moja ulishuka sana ukilinganisha na Veroboard, na fundi mwanafunzi sasa anaweza kufanya kazi hiyo kwa kufuata maandishi meupe peke yake.

Mashine mbili zilipata hasara ya mayai, lakini si kwa sababu ya bodi. Ncha za relei ziligandana, balbu zikabaki zimewaka, joto likapanda. Balbu ya waya ikiwa baridi huvuta mara kumi na zaidi ya ampea zake za kawaida kwa sekunde ndogo ya kwanza, na programu ilikuwa inaiwasha na kuizima mara nyingi mno kwa dakika. Programu ilirekebishwa iruhusu joto lishuke kwa sehemu mbili za kumi ya digrii kabla ya kuwasha tena, na swichi ya joto ya aina ya KSD301 inayokata saketi ikawekwa kwenye waya wa balbu, nje kabisa ya mamlaka ya programu.

Uchambuzi

Kushuka kutoka 33,340 hadi 5,860 kunavutia macho, lakini ni vizuri kuvunja namba hiyo kabla ya kuishangilia. Sehemu kubwa imetokana na idadi tu. Katika oda ya kwanza, dola 27 kati ya 31 zilikuwa usafiri, na tozo za kutoa mzigo zilikuwa karibu mara tatu ya bei ya bodi zenyewe. Gharama hizo hazijali kama ndani mna bodi tano au ishirini. Kupunguza bodi hadi 70 kwa 50 kulisaidia upande wa uzito, kushirikiana na wenzao kukasaidia zaidi, lakini hata wangeagiza 20 peke yao, kila bodi isingefika 10,000.

Je, wangeagiza 20 tangu mwanzo? Hapana. Mchoro ambao haujawahi kushikwa mkononi huagizwa kwa idadi ya chini, na tano ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni kwamba oda hiyo ya majaribio ilitumika kugundua mambo ambayo karatasi yenye ukubwa halisi ingeyagundua bure. Mguu usioingia kwenye tundu hauhitaji ndege kutoka Shenzhen ili uonekane. Majaribio ya kulipia yangebaki kwa yale ambayo karatasi haiwezi kusema: kelele za umeme, joto, tabia ya sensa kwenye waya mrefu.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ilikuwa kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Bodi zilizochongwa nyumbani zilikuwa tayari zimethibitisha saketi yenye chaja ya nje. Kama mchoro huohuo ungepelekwa kiwandani, oda ya kwanza ingekuwa nakala bora ya kitu kinachojulikana. Badala yake walihama njia ya kutengeneza na wakahama muundo wa umeme siku hiyohiyo, na moduli mpya ndiyo iliyoleta tatizo zito. Kwa hiyo kuchonga nyumbani hakukuwa upotevu, ila matunda yake hayakutumika. Bado ni njia nzuri kwa bodi moja ya volti ndogo, yenye njia za upana wa milimita moja, inayohitajika leo jioni.

Maktaba za programu zinastahili neno. Mpangilio wa HLK-PM01 uliokuwemo kwenye KiCad haukuwa na makosa. Ulikuwa sahihi kwa kifaa ambacho duka halikuwa nacho. Mchoraji aliyeko Shenzhen hupata kifaa kilekile alichokichora kesho yake. Aliyeko Arua, Gulu au Mbarara hupata kile ambacho mwenye duka aliletewa, na mwezi ujao huenda kikawa kingine. Hiyo ndiyo sababu ya kununua kwanza na kuchora baadaye, na ya kuandika, mahali pa transista, herufi C, B, E (yaani kolekta, besi, emita) kando ya kila tundu badala ya kuchora umbo la transista, ili anayelehemu afuate herufi na si umbo.

Suala la kuwaachia kiwanda kuunganisha vifaa liliulizwa na likaachwa. Kwa bodi 20 zenye vifaa vikubwa vya kuchomeka, ada ya kuandaa mashine huzidi kazi ya mikono, na bodi yenye vifaa haiingii tena kwenye kundi 8534 la forodha kwa hiyo kodi yake hukadiriwa upya. Kwa saketi yenye IC ndogo za kubandika juu jibu linaweza kugeuka.

Mahali ambapo tungewabana ni relei. Waliweka akiba kubwa kwenye upana wa shaba, mara nane ya uliohitajika, na hakuna aliyeuliza ampea za sekunde ya kwanza zinafanya nini kwenye ncha za relei. Swichi ya joto iliongezwa kwenye waya kwa sababu bodi haikuwa na mahali pake. Toleo la tatu lina kiunganishi cha skrubu cha miguu miwili kwa ajili yake, kwa mfuatano na relei, na bodi imebaki 70 kwa 50. Karatasi yake imeshachomekwa vifaa. Oda inasubiri wenzao wa taa za sola wamalize mchoro wao, ili nusu kilo ijae.